James Parkinson, tabibu aliyewatazama watu wakitembea

Jina la Parkinson huenda umelisikia hospitalini kama jina la ugonjwa unaowatetemesha wazee. Kabla ya kuwa jina la ugonjwa lilikuwa jina la mtu. James Parkinson hakuwa profesa wala daktari wa wafalme. Alikuwa tabibu wa mtaa, anayechanganya dawa mwenyewe, anayepasua majipu, anayeitwa usiku kwenda kuzalisha, na ambaye wagonjwa wake wengi walikuwa maskini.

Wiki hii nakusimulia maisha yake, na nawalenga zaidi walioko Shinyanga, Kahama, Geita, Katoro na Nyarugusu. Huko kwenu mkono unaotetemeka una sababu nyingi kuliko mahali pengine, na sababu hizo zikichanganywa, watu huumia. Mwingine anapewa dawa isiyo yake, mwingine anaambiwa ni uzee tu, na mwingine, hasa bibi kizee anayeishi peke yake, anaanza kunyooshewa vidole. Parkinson alitumia sehemu kubwa ya kijitabu chake kutenganisha kutetemeka kwa aina moja na kwingine, na kazi hiyo bado inatuhusu.

Alizaliwa Aprili 11, 1755 katika nyumba namba 1, Hoxton Square, pembezoni mwa London ya wakati huo. Baba yake, John, alikuwa tabibu katika nyumba hiyohiyo, na kijana alijifunza kazi mikononi mwa baba. Mwaka 1776 alikaa miezi sita katika Hospitali ya London akiwafunga vidonda wagonjwa wa upasuaji. Mwaka uliofuata alipata nishani ya fedha ya chama cha kuokoa maisha, kwa kushiriki kumrudishia uhai mtu aliyejinyonga. Mwaka 1783 alimwoa Mary Dale, na mwaka 1784 akaidhinishwa kuwa mpasuaji. Baba yake alifariki mwaka huohuo, naye akaachiwa wagonjwa wote.

Hoxton aliyozaliwa ilikuwa na bustani. Aliyofia ilikuwa imejaa viwanda vidogo, nyumba za kupanga zilizobanana, nyumba za kuwafungia wagonjwa wa akili na nyumba ya kulelea mafukara. Ukitaka kuifikiria, fikiria mji wowote wa kwenu uliokua haraka baada ya dhahabu kugunduliwa. Watu wanafika kwa wingi, maji na vyoo havitoshi, na tabibu anayeishi hapo anaona kila kitu.

Na yeye aliona, akakasirika. Katika miaka ya 1790 alijiunga na chama cha London kilichodai watu wa kawaida wapewe haki ya kupiga kura, akaandika vijitabu vya kuishambulia serikali kwa jina la kujificha, Old Hubert. Mwaka 1794 baadhi ya wenzake walikamatwa wakidaiwa kula njama ya kumuua Mfalme George III kwa mshale wenye sumu, utakaorushwa kwa bunduki ya upepo ndani ya ukumbi wa maigizo. Parkinson aliitwa mbele ya Baraza la Mfalme, na waziri mkuu Pitt mwenyewe akiwepo, akahojiwa kwa kiapo. Alikiri kwamba Old Hubert ni yeye, lakini kuhusu njama hakuwapa walichotaka. Hakushitakiwa, na wenzake nao waliachiwa baadaye. Mtu mwenye mke na watoto, aliyekuwa na zahanati ya kuilinda, angeweza kukaa kimya tangu mwanzo.

Baada ya hapo siasa zilipungua, mawe yakaongezeka. Hili litawafurahisha watu wa Geita, kwa sababu Parkinson alikuwa mtu wa mawe kwelikweli. Alikusanya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, na kati ya mwaka 1804 na 1811 akachapisha vitabu vitatu vikubwa juu yake, vyenye michoro. Novemba 13, 1807 alikuwa miongoni mwa watu wachache waliokutana katika hoteli moja London na kuanzisha Chama cha Jiolojia, ambacho kipo hadi leo. Wakati wa uhai wake alijulikana zaidi kwa mawe kuliko kwa ugonjwa. Aliandika pia juu ya jongo, ugonjwa uliomtesa yeye mwenyewe, na mwaka 1812 yeye na mwanawe waliripoti mtoto aliyefariki baada ya kidole tumbo kutoboka, moja ya taarifa za mwanzo za ugonjwa huo kwa Kiingereza.

Tabia ya mtu wa visukuku ni kuokota kitu kidogo, kukitazama sana, na kukilinganisha na kingine kilichookotwa mahali pengine. Nadhani tabia hiyo ndiyo iliyozaa kijitabu cha mwaka 1817.

Parkinson alikuwa na umri wa miaka 62 alipokichapisha. Kina kurasa 66, kinahusu alichokiita kupooza kwa kutetemeka, na kimejengwa juu ya watu sita tu, wote wanaume. Baadhi yao aliwahudumia mwenyewe. Wa kwanza alikuwa mtunza bustani, mtu asiye mlevi na mwenye maisha ya utulivu, aliyeanza kutetemeka mkono mmoja. Wawili alikutana nao barabarani, akawasimamisha na kuwauliza habari zao. Mmoja wa hao alikuwa baharia wa zamani, aliyeamini kwamba ugonjwa wake ulitokana na kulala kwenye udongo wenye unyevu gerezani Hispania. Wa tano hakuzungumza naye kabisa. Alimwona kwa mbali, mtu asiyeweza kuanza kutembea mpaka msaidizi wake asimame mbele yake, amshike mabega na kumyumbisha taratibu. Kisha anatoka mbio, na msaidizi anakimbia mbele ili amdake asianguke.

Kutokana na hao sita alichora picha ambayo madaktari wanaitumia hadi leo. Ugonjwa unaanza polepole hivi kwamba mgonjwa hakumbuki ulianza lini. Unaanza upande mmoja, mara nyingi mkononi. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, umelala pajani, na mtu anapounyanyua kushika kitu unapungua au unaacha kwa muda. Baadaye maandishi yanaharibika, mgongo unainama mbele, hatua zinakuwa fupi na za haraka kama mtu anayekimbiza uzito wake mwenyewe. Choo kinakuwa kigumu, mate yanadondoka, usingizi unakatika.

Yule wa sita, mzee wa miaka 72, alimfundisha kitu cha ajabu. Usiku mmoja alipata kiharusi upande wa kulia, na kwa siku ambazo mkono na mguu huo ulikuwa umepooza, haukutetemeka. Nguvu zilipomrudia, baada ya wiki mbili hivi, kutetemeka nako kukarudi. Hapo unaona kwamba kiharusi na ugonjwa huu ni vitu viwili tofauti, ingawa mitaani vyote huitwa kupooza.

Katika sura nzima alieleza namna ya kutouchanganya ugonjwa huu na kutetemeka kwa walevi, kwa wanaozidisha chai na kahawa, na kwa wazee wa kawaida. Zebaki hakuhitaji kuizungumzia kama sisi. Katika enzi zake madaktari wa Ulaya walikuwa wakiitoa kama dawa ya kaswende! Sisi tunaijua kwenye mialo.

Ukifanya kazi ya kuchenjua dhahabu, unajua utaratibu: mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, zebaki inachanganywa kwa mikono kwenye beseni ili ishike dhahabu, kisha donge linachomwa juu ya mkaa mpaka zebaki iondoke. Haiondoki kwenda mbinguni. Inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, unaingia mapafuni mwa anayechoma, wa mama anayepika jirani na wa mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, wataalamu waliwapima watu 180 wa Rwamagasa, wilayani Geita, wakawalinganisha na wakazi 31 wa Katoro wasiofanya kazi hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba miongoni mwa wanaochoma, karibu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na dalili na vipimo vya kutosha kusema zebaki imemdhuru.

Mtetemeko wa zebaki ni tofauti na wa Parkinson. Huja mikono yote miwili, tena unapotaka kufanya kitu: kuandika, kumimina chai, kupitisha uzi kwenye sindano. Unaweza kuuona hata kwenye kope na ulimi. Unaambatana na ladha ya chuma mdomoni, fizi zinazovimba, kukosa usingizi, na mabadiliko ya tabia. Mtu aliyekuwa mcheshi anakuwa mkali au mwoga wa watu. Huyu kwanza anahitaji kuondolewa kwenye mvuke, na mwenye dalili za mapema anaweza kupata nafuu kubwa akitoka mapema. Mwenye Parkinson hatapona kwa kuacha kazi. Ukimpa mmoja matibabu ya mwenzake, umewapotezea muda wote wawili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haumfikii anayechomea dhahabu jikoni. Kama huwezi kuacha leo, choma nje na mbali na nyumba, tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na wajawazito na watoto wasiwepo kabisa.

Kuna aina ya tatu, ya kawaida kuliko zote: mikono inayotetemeka mtu anapoinua kikombe, ambayo mara nyingi baba au babu naye alikuwa nayo. Hiyo si Parkinson wala si zebaki, na ina dawa zake. Kuna ya nne pia, inayoletwa na dawa za hospitali zenyewe. Haloperidoli, inayotolewa kwa wagonjwa wa akili, na metoklopramidi, ya kuzuia kutapika, zinaweza kumfanya mtu akakamae na kutetemeka kama mwenye Parkinson. Usiziache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia umweleze.

Turudi Hoxton. Kuhusu chanzo, Parkinson alikosea. Alidhani tatizo liko juu ya uti wa mgongo, shingoni, na akapendekeza kumtoa mgonjwa damu hapo na kumtia malengelenge ya makusudi ili usaha utoke. Kuhusu dawa za kunywa alikuwa mwangalifu: aliona haina maana kuzimwaga hovyo mpaka ugonjwa ueleweke. Alikosea pia kuamini kwamba akili haiguswi, maana leo tunajua huzuni nzito na kusahau huwapata wengi miaka inapopita. Lakini alisema wazi kwamba hajapata nafasi ya kufungua mwili wa mgonjwa aliyefariki, na akawaomba wanaochunguza maiti wafanye hivyo. Katika zama ambazo kila tabibu alijitangaza kuwa na dawa ya kila kitu, kuandika kitabu cha kuomba msaada si jambo dogo.

Msaada ulichelewa. Yeye alipata kiharusi, akashindwa kusema vizuri, na akafariki Desemba 21, 1824. Alizikwa katika kanisa la St Leonard, Shoreditch, alikobatizwa. Hakuna picha yake inayojulikana. Ile ya mzee mwenye ndevu unayoikuta mtandaoni ni ya mtu mwingine, kwani wakati Parkinson anafariki upigaji picha ulikuwa haujaanza kutumika.

Karibu miaka 50 baada ya kijitabu hicho, daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alikisoma, akawachunguza wagonjwa wake wengi, akaongeza lililokosekana: misuli kukakamaa. Akaonyesha pia kwamba wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, wanaokuwa wazito tu, uso umetulia kama sanamu, macho hayapepesi. Kwa hiyo alilikataa jina la kupooza kwa kutetemeka, akauita ugonjwa wa Parkinson.

Shika hilo la uso, msomaji, maana ndilo lenye hatari kwetu. Mzee asiyetabasamu, anayekutazama bila kupepesa, anayechukua dakika nzima kukujibu salamu, anaweza kuonekana ana kiburi, amelewa, au ana jambo lake. Mkoa wa Shinyanga unajua kilichowapata vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Bibi wa namna hiyo si mchawi na wala hajarogwa. Kuna seli zilizokufa kichwani mwake.

Zilipo seli hizo palionyeshwa Paris mwaka 1919, na Konstantin Tretiakoff, aliyegundua kwamba wagonjwa hao wamepoteza seli nyeusi katika sehemu ndogo ya ubongo wa kati. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayoulainisha mwendo. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowafanya wasiweze kusogea, kisha akawainua kwa kuwapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960, mjini Vienna, ilithibitika kwamba ubongo wa marehemu wenye Parkinson hauna dopamini ya kutosha, na mwaka 1961 wagonjwa wa kwanza walidungwa levodopa. Watu waliokuwa kitandani waliinuka, ingawa kwa muda mfupi. Mwaka 1967 George Cotzias wa Marekani akaonyesha namna ya kuitoa kwa mdomo, kidogo kidogo mpaka kipimo kikubwa, na nafuu ikadumu. Hiyo ndiyo dawa kuu mpaka sasa. Haiponyi wala haizuii seli kufa. Inarudisha mwendo, kwa wengi kwa miaka kadhaa. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Je, Watanzania wanaipata? Utafiti mkubwa tulio nao ulifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071 na kupata wagonjwa 33. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Wengi wa hao 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wakiishi majumbani, jamii zao zikiuita ugonjwa wa kutetemeka tu, wengine wakiamini hauna tiba. Watafiti walifanya alichofanya Parkinson barabarani, ila kwa mpango: waliwatazama watu. Hata leo hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachotumika kliniki kuutambua. Daktari anatazama unavyokaa, unavyoinuka, unavyotembea, unavyogonganisha vidole.

Kuhusu kinachoua seli hizo, sehemu ni umri, sehemu ni urithi, na sehemu ni sumu. Mwaka 1982 huko California vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa vibaya waliganda kwa siku chache, wakiwa na dalili zote za Parkinson. Kemikali iliyokuwemo iliua seli zilezile. Tangu hapo watafiti wamezitazama kwa shaka dawa za mashambani, na parakwati, inayoua magugu, imetajwa zaidi katika tafiti za nje. Shinyanga ni nchi ya pamba na bomba la mgongoni. Hii haina maana kila aliyepuliza dawa ataugua. Ina maana bomba linalovuja mgongoni, au kopo la dawa lililogeuzwa la kuchotea maji, si mambo ya kufumbia macho. Zebaki yenyewe huleta mtetemeko wake. Haijathibitishwa kwamba huleta Parkinson.

Wapo watakaokwambia utumie upupu. Hawajatunga: mbegu za mmea huohuo unaowasha porini zina levodopa ya kweli, India wamezitumia tangu kale, na utafiti wa wagonjwa 18 nchini Bolivia, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha unga wake uliopimwa unafanya kazi kama kidonge. Neno ni uliopimwa. Mbegu za shamba moja hazina nguvu sawa na za jingine, na ukizidisha utatapika, utaanguka presha, au utaona vitu visivyokuwepo. Usimchemshie mzee nyumbani.

Akipewa vidonge, avimeze nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu nyama, maharage na maziwa huzuia dawa isifike ubongoni vizuri. Asiviache ghafla hata siku moja. Kutembea kila siku kunamsaidia kuliko kukalishwa kwenye mkeka.

Na kama una mzee wa kumpeleka hospitali ya mkoa Shinyanga au Geita, au Bugando kwa rufaa, kabla ya kuondoka mpe karatasi aandike jina lake mistari mitano. Kama herufi zinazidi kuwa ndogo kadiri anavyoshuka, daktari atataka kuiona karatasi hiyo. Andika nyuma yake mkono gani ulianza na lini, dawa zote anazomeza, na kazi alizofanya maishani: miaka mingapi mwaloni, miaka mingapi akichoma dhahabu, misimu mingapi ya kupuliza pamba.